Gurudumu la Mbele

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nianze kwa kukuomba radhi, maana barua yako ya Desemba nimekaa nayo muda mrefu bila kuijibu. Si kwamba nilibanwa na shughuli. Kila Jumapili nilikuwa naiweka mezani na karatasi kando yake, halafu Jumapili inakwisha.

Huku wazima. Kazini wamenihamisha. Sisagi tena lenzi za miwani, nimewekwa ukaguzi. Naletewa zilizokwisha kusagwa, nazishika moja moja mbele ya taa na kutafuta mkwaruzo. Ni kazi ya kukaa na haina vumbi, hata kifua changu kimepata nafuu. Ila kule kwenye kusaga tulikuwa sita, tukipiga soga juu ya kelele za mashine. Huku niko peke yangu ndani ya chumba chenye mapazia meusi, na lenzi haisemi kitu. Mkweo hajambo, anakusalimu sana.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, na usicheke. Nimenunua baiskeli. Imekwisha kutumika, nimeiona mtandaoni. Muuzaji ni mwalimu mstaafu anayekaa mbali na hapa, sijawahi kuonana naye. Katika picha ilikuwa safi, rangi ya kijani, kiti cha ngozi, fremu ya inchi kumi na sita. Ililetwa Jumanne ndani ya boksi refu la karatasi. Dereva alikuwa na haraka, akaniambia tia saini hapa mama, nina mizigo mingi. Nikatia saini. Alipoondoka ndipo nikaligeuza boksi na kuona upande wa pili una tundu linalopitisha ngumi.

Mjomba, nililifungua palepale. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, umepinda. Gurudumu la mbele, ambalo walikuwa wamelifungua na kulilaza ubavuni mwa fremu, limejikunja kama karatasi iliyolowa ikakaukia juani. Rangi imechubuka sehemu tatu. Nimeiegemeza ukutani palipokuwa na kabati la mkweo, na kila nikifungua mlango nashtuka nikidhani kuna mtu amesimama.

Nifanye nini? Nimeshaharibu kwa kutia saini, najua. Wewe umeishi na baiskeli miaka yote hiyo, hebu nielekeze.

Mpwa wako,
Nati

26 Februari

Nati,

Marahaba mwanangu. Barua yako imetembea wiki tatu. Nilikwenda posta mara nne kuiulizia. Yule wa dirishani siku hizi akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika, maana anajua kusema nami ni kujichosha. Masikio yangu ni yale yale, yaani hayapo. Na usinirudie tena habari ya simu. Simu ya mtu asiyesikia ni kidude kinachotetemeka mezani tu, na vile vibonye vya kuandikia ujumbe vilitengenezwa kwa vidole vya watoto wachanga. Kalamu inanitosha, ingawa hii niliyonayo ni mbovu. Ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa kubwa kama za mabango.

Karakana ipo. Kazi ni nyingi. Yule mama muuza maziwa bado anapita na baiskeli yake ya madebe.

Kwanza, usiguse kitu. Boksi usilitupe, hata vipande vya kamba vihifadhi. Lipige picha pande zote sita. Leo hii mwandikie mwalimu, na kampuni ya usafirishaji vilevile. Usilalamike. Eleza tu ulichokiona, na siku uliyokiona. Kutia saini ni kosa, lakini mtu hutia saini kwamba boksi limefika, hatii saini kwamba ameona kilichomo ndani. Liandike hilo kama nilivyoliandika.

Pili, fremu. Tafuta uzi mrefu. Funga ncha yake nyuma, pale inapokaa ekseli ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Uvute mpaka mbele, uzungushe kwenye shingo ya fremu, uurudishe nyuma kwa kushoto na uufunge palepale penye ekseli. Ukishakaza, pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu ni nzima. Zikipishana, usihangaike na mengine, dai urudishiwe chako.

Tatu, utazame uma. Miguu yake imebanwa ndani, au yote miwili imesukumwa upande mmoja? Ikibanwa ndani, mwalimu wako hakuweka kigogo cha mbao katikati yake alipofungua gurudumu. Ikisukumwa upande, waliobeba waliirundikia mizigo juu.

Sasa na mimi nikuulize. Kwa kipimo ulichoniandikia, hiyo ni baiskeli ya mtu mfupi. Mkwe wangu akiikalia magoti yatagonga kidevu. Ni ya nani? Na hilo kabati lake limehamia wapi?

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kazi ni nyingi. Nikifumba macho naiona ile meza yako, na lile kopo la vipuri nililokuwa nalitia mkono wote mpaka begani nikitafuta nati ndogo kuliko zote. Ndilo lililonipa hili jina, na sasa hata mie nimesahau kuitwa lile jingine.

Sisi hatujambo. Mvua imeanza. Jirani wa upande wa pili amenunua redio kubwa, na nikila chakula cha jioni nasikia taarifa yote ya habari kupitia ukutani. Sikasiriki. Nimezoea kuanza kula inapoanza.

Nimefanya ulivyosema. Uzi unalingana pande zote, nimepima mara nne na rula ya kazini. Kwa hiyo fremu imepona. Uma una vyote viwili. Miguu imebanwa ndani, na tena imelalia kushoto.

Mwalimu amejibu. Anasema aliifunga kwa mikono yake kwa siku mbili, na kwamba ilikuwa ya mkewe. Nimeshindwa kumwandikia habari ya kigogo.

Kampuni nao wamejibu: mpokeaji alitia saini kwamba mzigo umefika salama, na uharibifu umetokana na ufungaji hafifu. Basi. Hawakutaja picha zangu hata moja.

Baiskeli ni yangu, Mjomba. Umenibaini. Nimekulia chini ya magurudumu, nimekupa spana tangu nina miaka tisa, na mpaka leo sijui kupanda. Nilitaka kujifunza kabla sijazeeka. Nilidhani ningekuja siku moja nikushangaze.

Mpwa wako,
Nati

9 Aprili

Nati,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara tatu, nisamehe kuchelewa.

Nilipofika pale uliposema hujui kupanda niliikunja barua yako nikaiweka mfukoni. Ni kweli. Baiskeli zote zilizopita mkononi mwangu zilikuwa za watu. Niliogopa mtoto wa marehemu dada yangu asije akaangusha mali ya mtu, nikakukalisha chini uhesabu nati. Ulikuwa huombi. Laiti ungeomba hata mara moja, pengine ningepata aibu nikakuungia moja ya vyuma chakavu. Sikukuungia. Hilo nimelibeba leo asubuhi mpaka posta na kurudi.

Turudi kwenye mambo yetu. Hao jamaa wa usafirishaji wasikutishe. Chukua lile boksi, tazama pembeni mwa tundu. Karatasi ikichanwa, nyuzi zake huelekea kule kilikokwenda kilichoichana. Zikiwa zimeingia ndani, kitu kilipiga kutoka nje, na mwalimu hakuwa nje. Piga picha kwa karibu, uwatumie, uwatake waje waone kwa macho yao. Ufungaji hafifu unabana miguu ya uma, lakini hautoboi boksi.

Lile gurudumu usimpe fundi yeyote wa huko. Wanayakanyaga kwa mguu hao. Nitumie mimi. Nitalinyoosha, nitakurudishia. Hilo angalau niweze.

Kuhusu kabati hukunijibu.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Gurudumu nimelituma wiki iliyopita kwa mizigo ya basi, nimelifunga na blanketi kuukuu na mbao mbili. Nimeandika anwani yako pande zote mbili. Dereva aliniuliza kama ni kioo.

Za huku ni njema. Nimepata mafua, yamepita. Mkweo anakusalimu.

Nyuzi za karatasi zimeingia ndani, kama ulivyosema. Niliwatumia picha, na juzi walimleta mkaguzi. Ni mama mtu mzima, miwani yake ina gundi kwenye bawaba. Kwa kazi yangu nilitamani kumwambia ailete niitengeneze. Aliinama kwenye boksi muda mrefu, akatia kidole chake tunduni, akasema hiyo ni pembe ya kreti la chuma, si kingine. Nilijua basi yamekwisha.

Hayakwisha. Akaniuliza mwenye mzigo yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akanionyesha karatasi ya juu ya boksi. Nilinunulia kwenye akaunti aliyoifungua mkweo zamani, kwa hiyo mzigo umekuja kwa jina lake, na dai lazima asaini yeye. Nimemwambia mwenye jina yuko safarini. Amesema hakuna neno, akirudi nimpigie.

Kabati liliuzwa, Mjomba. Lilikuwa na mchwa.

Nati

30 Mei

Nati,

Marahaba. Gurudumu limefika salama, blanketi nimelifua nimelitunza. Nimelinyoosha. Limetoka leo kwa basi la asubuhi, litazame ukilipata uniambie linakwendaje.

Sina mengi. Mkwe wangu akirudi safari mwambie atie saini, asikawie, kampuni huwa zinasahau. Mwambie pia bado ninakumbuka ile ishara ya mkono aliyoitunga ya "chai imechacha". Hakuna mtu mwingine anayeijua.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo na ahsante, ahsante tena. Gurudumu limefika. Nimelizungusha na linakwenda sawasawa, halichezi hata kidogo. Umri umekwenda lakini mkono wako ni ule ule. Nimelitundika msumarini mpaka uma mpya upatikane.

Mkweo bado hajarudi, kazi imemkalisha huko. Akirudi nitampa salamu na habari ya chai.

Kazini siku hizi nafika mapema kuliko mwenye funguo. Namngoja nje. Nyumbani asubuhi ni ndefu.

Jitunze, Mjomba.

Nati

11 Julai

Nati,

Marahaba. Leo sitakuuliza hali ya hewa.

Umenidanganya. Gurudumu nililokutumia halikunyooka. Ninajua nilichokifunga. Kulia linagusa, kushoto lina pengo, na kuna spoki mbili nilizozikaza mpaka zinalia. Wewe kazi yako ni kukagua lenzi, mkwaruzo mdogo kuliko unywele unauona. Huwezi kuniambia hukuliona.

Sikukasirikii. Nililituma nikijua, nikasema moyoni, nione atasema nini.

Nilikaa nalo siku kumi na tisa. Kazi ya dakika arobaini. Mikono yangu inatetemeka, Nati. Ilianza mwaka juzi na kidole gumba, nikadhani ni uchovu. Sasa ni yote miwili. Kikombe nakijaza nusu. Kalamu haina ubovu wowote. Hizi herufi kubwa ndizo pekee ninazoweza kuziandika zikasomeka, na barua fupi kama hii inanichukua siku mbili. Mganga wa kituo aliniandikia kwenye karatasi kwamba haiponi, inacheleweshwa tu kwa vidonge. Vidonge ninavyo.

Kazi si nyingi. Hakuna kazi. Karakana nimeifunga tangu Januari. Wa mwisho alikuwa yule mama wa maziwa. Nilimtengenezea gurudumu la nyuma, akarudi baada ya siku tatu, akachukua ubao wangu wa chaki ambao wateja huniandikia, akaandika: "Mzee, bado linacheza." Nikalirudia. Akaandika ahsante, akanilipa, akaondoka. Nikamtazama kwa dirishani anaisukuma moja kwa moja mpaka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Sikumlaumu. Alikuwa na maziwa juu.

Siku hizi nafungua mlango asubuhi, nakaa ndani, naufunga mchana. Wapo wanaopita wakanipungia mkono. Kutwa nzima hakuna anayeshika ile chaki.

Basi, hayo ndiyo niliyokuficha. Ya kwako sikulazimishi kuyasema. Ila salamu za mkwe wangu zimekuwa zile zile neno kwa neno tangu Septemba, na yule kijana hakuwahi kusema jambo moja mara mbili kwa namna ile ile.

Mjomba wako

4 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea ngazini, sikuweza kungoja kufika chumbani. Nilikaa pale mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama nimepoteza ufunguo.

Ni kweli, gurudumu linacheza. Niliona nilipolishika tu, kabla hata sijalizungusha. Nikaliona na jingine. Kila spoki ilikuwa na alama ya koleo, alama juu ya alama, kama mtu aliyekosa akarudia, akakosa akarudia. Nililia. Kisha nikakuandikia kwamba ni zuri. Nilidhani nakutendea wema.

Mume wangu ameondoka, Mjomba. Mwezi huu unatimia mwaka. Hatukugombana. Alikubali kazi mji mwingine, akawa anarudi kila mwisho wa mwezi, halafu mwezi mmoja moja, halafu siku moja akaja na gari akachukua kabati na nguo zake. Akaniambia, "Kuna mtu huko." Nilimsaidia kushusha kabati ngazini. Ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilishika upande wangu vizuri, nikimwambia angalia kona, angalia kona.

Nilikuficha si kwa aibu tu. Yeye ndiye mtu pekee aliyejifunza kuongea nawe kwa mikono. Mie mwenyewe sikuwahi kukaa kitako nikajifunza, nakuandikia tu. Nikasema, nikimwambia Mjomba, atakuwa amempoteza na yeye pia. Basi nikawa nakutungia salamu.

Sasa sikiliza la kampuni. Baada ya barua yako nilimpigia yule mama mkaguzi. Alikuja, akakaa kwenye kiti changu kimoja nami nikakaa kitandani. Akafungua karatasi zake.

"Mwenye jina amerudi?"

"Ameondoka."

"Anarudi lini?"

"Harudi."

Akaiweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Agosti ya mwaka jana."

"Sasa kwa nini mzigo umekuja kwa jina lake?"

"Sikutaka kulifuta," nikamwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza nayatamka kwa mdomo, Mjomba. Nimeyatamka mbele ya mtu nisiyemjua, mwenye fomu. Hakunipa pole. Alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya jina lake, akanigeuzia karatasi. Akasema, "Andika lako hapo juu, utie saini pembeni." Nikaandika. Herufi zilinitoka kubwa kama zako.

Wamekubali. Wameniletea uma mpya, na fundi wao ameufunga. Rangi watailipia. Gurudumu wamelikataa, kwa kuwa nilikuwa nimeshaliondoa kabla ya ukaguzi. Mkaguzi alisikitika, akasema ningelingoja nalo pia lingelipwa. Sikujuta, nakuapia. Lile ni la kwangu.

Mwalimu naye nilimwandikia kwamba baiskeli ya mkewe imepona. Akajibu kwa neno moja: ahsante.

Njoo ukae nami, Mjomba. Nafasi ya kabati ipo wazi. Kama hutaki, basi nifundishe kulinyoosha gurudumu kwa karatasi. Nina mikono miwili mizima isiyo na cha kufanya jioni.

Nati

27 Agosti

Nati wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba.

Nilikisia siku ya kabati. Nikangoja. Kwa yule bwana nitasema mara moja tu: kwangu alikuwa mtu mwema, na sitajitia kusahau. Kwako hakuwa. Yote mawili ni kweli, nami nitakaa nayo. Ila usibebe tena mzigo wa kunitungia watu. Mimi nimezoea kupoteza, nilipoteza sauti ya kila mtu siku moja moja mpaka zikaisha, na bado ninanyoa ndevu.

Kuja huko siji. Nikija nitakaa chumbani kutwa nikikungoja, nisiisikie hata hiyo redio ya jirani. Hapa angalau najua kila anayepita ni nani.

Sasa fanya hivi. Nunua ufunguo wa spoki, ule mdogo wa mviringo. Koleo usiguse, koleo nilitumia mimi kwa sababu ufunguo unaniponyoka. Pindua baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani. Funga kijiti cha kiberiti kwenye mguu wa uma, kichwa chake kikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha pole pole. Kitakapokwaruza, simama. Hapo rimu imekuja upande wa kijiti. Tafuta spoki za upande wa pili mahali hapo, kaza robo mzunguko, na zile za upande wa kijiti uzilegeze robo. Robo, Nati. Usipate uchu ukakaza nusu. Zungusha tena. Ukimaliza upande mmoja, hamishia kijiti upande wa pili.

Zile spoki mbili zinazolia uzilegeze kwanza kabla ya zote. Nilizionea.

Siku ya kwanza utaliharibu zaidi. Usinifiche likiharibika.

Mjomba wako

30 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Siku ya kwanza nililiharibu zaidi. Siku ya pili pia. Lilikuwa likizunguka kama mlevi anatafuta mlango. Nilitaka kulitupa dirishani, nikakumbuka zile alama za koleo, nikaketi tena sakafuni.

Imenichukua jioni kumi na moja. Natoka kazini, nafika, napindua baiskeli, nawasha taa, nakaa. Jioni ya nane ndipo nilipoacha kusikiliza taarifa ya habari ya jirani. Ilikwisha sikujua. Jioni ya kumi na moja kijiti hakikugusa popote. Nilizungusha nikangoja, nikazungusha kwa nguvu, nikangoja. Nilitaka kumwambia mtu. Nilifungua mlango nikasimama koridoni, hakukuwa na mtu, nikarudi nikafunga. Ndiyo hivyo. Siku hizi sijidanganyi kwamba hapa kuna mtu.

Kupanda nimejifunzia uani kazini, Jumapili mashine zikiwa zimezimwa. Mlinzi aliniruhusu. Kila nikianguka alikuwa anageuka kutazama ukuta kwa heshima. Nimechubuka viwiko vyote viwili. Jumapili iliyopita nilitoka getini mpaka kwenye tangi la maji bila kuweka mguu chini, nikapinda, nikarudi. Mlinzi akasahau kutazama ukuta. Akasema tu, "Enhe." Nimeenda nalo hilo neno nyumbani.

Nina likizo ambayo sijaichukua miaka miwili. Nimeiomba, wameipitisha. Nitapanda basi Alhamisi ya wiki ijayo, nitafika kwako Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Siji kukuchukua na siji kukuonea huruma. Nakuja kukaa wiki tatu. Baiskeli nimeilipia nafasi ya mizigo, na safari hii nimeifunga mwenyewe, nimeweka kigogo kati ya miguu ya uma.

Nimenunua pia kitabu cha ishara za mikono, kina picha. Nimefika ukurasa wa ishirini. Utacheka ninavyosema "mjomba", mkono unanikataa.

Ukitaka tufungue karakana tutafungua. Wewe utaniambia kwa macho wapi pa kukaza, mimi nitashika ufunguo. Na kama hutaki mtu aguse meza yako, nitakaa kwenye benchi nje nitazame wanaopita, unitajie majina yao.

Barua hii nimeituma kwa basi ili initangulie; usiijibu. Jibu lako likifika huku, hakutakuwa na mtu wa kulipokea.

Nati